Simu janja ipi ununue: namba za soko zisikuhadae

Muuzaji akikuambia simu fulani "inaongoza sokoni", muulize inaongoza kwa kipimo gani. IDC, kampuni ya utafiti wa soko, huhesabu simu zinazotoka kwa mtengenezaji, hata kama bado zimo ndani ya maboksi kwa wasambazaji. StatCounter, inayopima matumizi ya mtandao, hutazama kurasa za intaneti zinazofunguliwa, hivyo mwenye bando dogo haonekani sana. Mimi natazama mambo mawili: simu zinazotumika ni ngapi, na kampuni itazihudumia mpaka lini. Mwaka 2010 Symbian, mfumo wa simu uliotumiwa zaidi na Nokia, ndiyo iliyoongoza duniani kwa mauzo. Februari 2011 Nokia yenyewe ikatangaza kuhamia Windows Phone, mfumo wa Microsoft, na waliotoka kununua wakabaki na mfumo usio na kesho.

Nafasi ya kwanza naipa Android yenye ahadi ndefu ya masasisho. Mwaka 2021 Google ilisema vifaa vya Android vinavyotumika vimepita bilioni 3. Ndiyo maana programu yoyote ya benki utaikuta humo, na fundi wa kubadilisha kioo hakosekani. Ila wingi huo hauisaidii simu iliyotelekezwa na kampuni yake. Samsung Galaxy A16 ni ya bei ya kawaida, na imeahidiwa masasisho ya miaka 6. Ningeanzia hapo.

Ya pili ni iPhone. Sehemu yake ya soko ni ndogo kuliko ya Android, lakini huhudumiwa muda mrefu: XS ya 2018 ilipata mfumo wa iOS 18 mwaka 2024. Ukinunua iliyotumika, mwenyewe aondoe akaunti yake ya iCloud mbele yako. Akisitasita, ondoka.

Tatu ni Tecno, Infinix na itel, zote za Transsion, kinara wa mauzo ya simu Afrika. Vipuri vipo kila mahali, lakini matoleo ya bei ya chini husahauliwa mapema. Zinunue mfuko ukibana.

Mwisho, Huawei mpya. Tangu Mate 30 ya 2019 hazina huduma za Google, na HarmonyOS NEXT, mfumo mpya wa Huawei yenyewe, haikuundwa kuendesha programu za Android. Nchini China zinafanya vizuri. Kwa matumizi ya Dar au Nairobi, hapana.

Kabla ya kulipa, iunganishe simu na intaneti, ingia kwenye Mipangilio, tafuta sasisho la usalama. Ikiwa la karibuni lina zaidi ya mwaka, irudishe kabatini kwa muuzaji.