Uzoefu wangu: Kurekebisha hati ya kuondoka jeshini ili nishani zilizoachwa ziingizwe

Nilijiunga na Jeshi la Nchi Kavu la Marekani mwaka 2009 kupitia mpango wa MAVNI, uliowafungulia mlango wageni waliokuwa nchini humo kihalali na wenye taaluma ya tiba au lugha zilizohitajika jeshini, Kiswahili kikiwa mojawapo. Nilikuwa mwanafunzi kutoka Tanga. Jeshi likanifanya dereva wa malori ya mizigo, na kuanzia Mei 2011 hadi Aprili 2012 nilikuwa Afghanistan. Niliondoka mwaka 2014 nikiwa na hati ambayo kila askari wa zamani wa Marekani huitunza kama cheti cha kuzaliwa, yaani fomu DD 214. Kuirekebisha hati hiyo kulinichukua takriban miaka miwili. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu tuko wengi tuliopita njia hiyo, na maelezo mengi niliyoyasoma hayakugusa kosa linalotupata sisi hasa, ambalo ni kosa la majina.

Siku ya kuondoka sikuliona. Siku hiyo mtu fikra zake ziko nyumbani. Karani alinisogezea karatasi akaniambia nihakiki, nikaangalia jina, tarehe na cheo, nikatia saini. Sikukisoma kisanduku namba 13, ambacho ndicho kinachoorodhesha nishani, beji na tepe zote alizopewa askari katika muda wote wa utumishi wake. Mwaka 2021, nilipokuwa nikiandaa madai ya fidia kwa ajili ya masikio yangu, mzee mmoja anayejitolea katika chama cha maveterani alikisoma kisanduku hicho kwa sauti, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama kweli nilikuwa kwenye misafara. Nilikuwa nimetoka kumsimulia habari ya bomu lililotegwa barabarani, jinsi lori lililotutangulia lilivyoinuka, na risasi zilizofuata. Kwenye karatasi hapakuwa na dalili yoyote ya jambo hilo.

Vilikosekana vitu vitatu, na kila kimoja kilikuwa na sababu yake. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan huvaliwa pamoja na nyota ndogo ya shaba kwa kila awamu ya kampeni ambayo askari alikuwapo. Awamu iliyoitwa Consolidation III iliisha tarehe 30 Juni 2011, na Transition I ikaanza kesho yake; mimi nilifika Mei na kuondoka Aprili, kwa hiyo nilistahili nyota mbili, lakini hati ilionyesha moja. Pili, Nishani ya Pongezi ya Jeshi, niliyovalishwa mbele ya kikosi kizima, haikuandikwa kabisa. Tatu, sikuwa na Beji ya Mapambano, iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya askari wanaopambana na adui ingawa si wa vikosi vya miguu.

Mama aliponipigia simu kutoka Tanga nikamweleza, aliniuliza, “Mwanangu, nishani si unayo hapo kabatini? Karatasi ya nini tena?” Swali lake lilikuwa la haki, na nililazimika kulijibu kwa uangalifu. Sheria ya fidia ya Marekani huwataka waamuzi wayapokee maelezo ya askari aliyepigana kuhusu majeraha yanayolingana na mazingira ya vita, hata kama tukio lenyewe halikurekodiwa, na Beji ya Mapambano ni miongoni mwa ushahidi unaokubalika kwamba alipigana kweli. Nishani iliyomo kabatini haimwambii mwamuzi kitu. Tena, kusema kweli, iliniuma kwamba wajukuu wake wangekuja kuisoma hati ile siku moja na kudhani kwamba baba yao alikaa mwaka mzima ghalani.

Kabla sijaeleza njia yenyewe, niseme neno kuhusu kampuni moja iliyoniahidi kuimaliza kazi hii kwa dola 350. Nililipa nusu. Walichofanya ni kunitumia fomu ambazo serikali huzitoa bure. Maombi yote ninayoyaeleza hapa hayana ada, na vyama vya maveterani pamoja na maofisa wa kaunti wanaowahudumia husaidia kuyajaza bila malipo.

Hatua iliyonifaa kuliko zote ilikuwa kuomba jalada langu lote badala ya kuanza na malalamiko. Kumbukumbu za wanajeshi wa nchi kavu walioondoka tangu Oktoba 2002 zimetunzwa kielektroniki, na mwenyewe anaweza kuziomba kupitia tovuti ya milConnect. Nilipolipata jalada nililipitia ukurasa kwa ukurasa usiku mbili mfululizo. Amri za kupelekwa Afghanistan zilikuwamo, na ndizo zilizothibitisha nyota ya pili bila ubishi. Fomu ya nishani haikuwamo.

Nilikuja kuipata kwenye bahasha ya kaki chini ya sanduku la nguo, imekunjwa mara nne, na kwenye mikunjo kungali na vumbi jembamba kama unga. Fomu hiyo ni DA 638, pendekezo la tuzo, na sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito: hapo pana saini ya kamanda aliyeidhinisha, namba ya amri na tarehe yake. Vyote vilikuwapo. Kisha nikatazama juu, kwenye jina. Kwetu mtu huitwa kwa jina lake, la baba na la babu. Karani wa kikosi alilichukua jina la baba akaliweka mahali pa ukoo, na la babu akaliacha kabisa. Amri ilikuwa halali, ila ilitolewa kwa mtu ambaye, kwa mujibu wa majalada, hakuwapo. Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Tangu hapo nimezungumza na Wakenya wawili na Mkongomani mmoja waliokuta jambo hilohilo, kwa hiyo nakuomba, ndugu uliyetumikia, utafute nyaraka zako kwa kila mpangilio wa majina yako kabla hujakubali kwamba hazipo.

Niliambatanisha DA 638, nakala ya pasipoti yenye majina yote matatu, mkataba wangu wa kujiunga, amri ya kupelekwa vitani inayotaja kikosi kilekile, na barua ya ukurasa mmoja inayoeleza tofauti ya majina bila kumlaumu mtu. Nikavituma Fort Knox, Kentucky, kwenye kamandi inayosimamia kumbukumbu za Jeshi la Nchi Kavu. Baada ya miezi mitano nikapokea fomu DD 215. Wengi hudhani watapewa DD 214 mpya, sivyo. Hati ya zamani hubaki kama ilivyo, na DD 215 ni karatasi ya marekebisho inayotaja kisanduku, kinachofutwa na kinachoongezwa. Ukimpelekea mtu DD 214 peke yake, makosa yale yale ndiyo atakayoyaona, kwa hiyo zishikanishe mbili hizo na usizitenganishe.

Beji ilikuwa safari nyingine, kwa kuwa haikuwa imewahi kutolewa amri. Mara ya kwanza nilituma simulizi yangu na picha moja ya lori lililoharibika. Jibu lilikuwa fupi: ushahidi hautoshi. Nilikasirika kwa wiki nzima, kisha nikaisoma tena barua yangu na kuona kwamba hata mimi, kama ningekuwa mezani pale, nisingeweza kuthibitisha chochote kutokana nayo. Nilihitaji mashahidi. Sajini wangu wa zamani alikubali mara moja, lakini maelezo yake ya kwanza yalikuwa ya sifa tupu, kwamba nilikuwa mchapakazi na mwenzi mwema. Nilimpigia simu na kumwomba, kwa heshima, aandike aliyoyaona kwa macho yake tu. Karatasi ya pili ilitaja tarehe, saa, barabara, nafasi ya kila lori katika msafara, na umbali kati ya lori langu na mahali bomu lilipolipuka. Aliiapia na kuitia saini. Dereva mwenzangu naye akaandika yake bila ya sisi watatu kukubaliana maneno, na sehemu walizotofautiana kidogo niliziacha jinsi zilivyo.

Hapo ndipo nilipojaza fomu DD 149 kwa Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Jeshi, iliyoko Arlington, Virginia. Bodi hii ni ya raia, na ni mlango wa mwisho. Hutaka kwanza uonyeshe kwamba milango ya chini umekwisha kuibisha, kwa hiyo ile barua ya kunikatalia ikawa kielelezo cha lazima. Sheria humpa mwombaji miaka mitatu tangu alipogundua kosa, ingawa bodi inaweza kuusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Huanza kwa kuchukulia kwamba jeshi lilitenda sawasawa, na mzigo wa kuthibitisha kinyume chake humwangukia mwombaji. Muda wa juu wa uamuzi kisheria ni miezi 18. Mimi nilisubiri 13. Uamuzi ulikuja na kurasa kadhaa za hoja zilizopangwa kwa namba, na aya iliyotaja umbali aliouandika sajini ndiyo iliyofuatwa na neno la kukubali. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye sanduku la barua.

Kwa huduma yenyewe, nawapa maksi za juu kwa uadilifu na kwa kutotoza hata senti. Kwa mwendo siwezi, kwa sababu kuna watu wanaosubiri hali wao ni wazee.

Jirani yangu ni mmoja wao. Aliondoka jeshini mwaka 1958, na jalada lake lilikuwa miongoni mwa yale milioni 16 hadi 18 yaliyoathirika katika moto wa kituo cha kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis, Missouri, wa tarehe 12 Julai 1973, uliounguza takriban asilimia 80 ya majalada ya askari wa nchi kavu walioondoka kati ya Novemba 1912 na Januari 1960. Alikwisha kukata tamaa. Nimemweleza kwamba kumbukumbu za namna hiyo hujengwa upya kutokana na hati za malipo na taarifa za kila asubuhi za vikosi, ambazo zilihifadhiwa kwingineko, mradi akumbuke kikosi chake na miezi aliyokuwa nacho. Jumamosi tutakaa mezani kwake tujaze fomu SF 180, ambayo ni ya kuomba kumbukumbu za jeshi. Kikosi anakikumbuka hadi herufi, na mke wake ametoa barua alizomwandikia wakati ule, zenye tarehe juu.