Uzoefu wangu: cheni ya oringi kwenye pikipiki ya kubebea samaki, Malindi

Pikipiki yangu ni ya cc 150, ya aina inayotumiwa na waendesha bodaboda wengi hapa pwani, na kazi yake kubwa ni kuchukua samaki Ngomeni na kuwaleta Malindi mjini. Nataja kazi hiyo mapema kwa sababu cheni huhukumiwa kwa kazi inayoifanya, na ni kazi chache zinazoitesa cheni kuliko hii. Ukivuka daraja la Sabaki na kupita Mambrui uko kwenye lami hadi Gongoni. Ukiiacha lami hapo na kushika njia ya Ngomeni unaingia kwenye mchanga na vumbi, karibu na mashamba ya chumvi. Wakati wa kurudi, kreti za samaki waliotiwa barafu hudondosha maji ya chumvi njia nzima, na hata ukitandika karatasi ya nailoni chini yake, sehemu ya maji hayo hufika kwenye gurudumu la nyuma na kwenye cheni.

Kwa miaka mingi nilitumia cheni ya kawaida, ile ambayo kila duka la vipuri mjini huiuza. Si cheni mbaya kwa mtu anayepakia abiria kati ya mitaa ya Shela na Maweni. Kwa safari zangu, hata hivyo, ilikuwa ikilegea haraka, inakazwa, inalegea tena, na mara moja ilinikatikia kati ya Gongoni na Mambrui nikiwa na mzigo. Kwa bahati njema ilianguka barabarani badala ya kujisokota kwenye sproketi (gurudumu la meno) ya mbele, kwani ikijisokota huko inaweza kuvunja ganda la injini au kufunga gurudumu la nyuma ghafla. Niliokota vipande na kuvitazama kwa makini. Bamba moja la kiungo lilikuwa limepasuka kwenye tundu la pini, na ufa wake ulikuwa na rangi mbili: upande mmoja wa kahawia, ulioliwa na kutu kwa muda mrefu, na upande wa pili uking'aa, uliokatika siku ile ile. Kwa hiyo cheni haikukatika kwa sababu ya shimo nililolipita dakika ile. Ilikuwa imeanza kukatika zamani, na chumvi ndiyo iliyoanza.

Fundi wangu wa Maweni, mzee aliyetengeneza pikipiki tangu bodaboda hazijawa nyingi hapa, alivigeuza vile vipande mkononi akaniambia, «Mwanangu, wewe tafuta cheni ya oringi. Hii ya kawaida haikufai kwa chumvi hiyo.» Niliitafuta cheni hiyo yenye vipete vya mpira (oringi) kwenye viungo vyake, nikaipata kwa kuagiza kutoka Mombasa, na hiyo ndiyo ninayoieleza hapa. Zipo kampuni kadhaa zinazoitengeneza, zikiwamo DID na RK za Japani, na ninayosema yanahusu aina hii ya cheni kuliko nembo iliyochapwa juu yake.

Tofauti yake haionekani ukiitazama kwa mbali. Katika kila kiungo cha cheni yoyote ya pikipiki kuna pini inayozunguka ndani ya bushi, yaani kibomba kifupi cha chuma, na nje ya bushi kuna rola inayokaa kwenye meno ya sproketi. Katika cheni ya kawaida, mafuta ya kulainisha pini hiyo lazima yapenye kutoka nje, na mahali yanapopenya mafuta ndipo panapopenya mchanga na chumvi. Cheni ya oringi hutiwa grisi kiwandani kati ya pini na bushi, kisha vipete vidogo vya mpira huwekwa kati ya mabamba kila upande ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Zipo zenye vipete vya mviringo wa kawaida na zipo zenye vipete vyenye umbo la herufi X. Hizi za pili huziba vizuri zaidi na husuguana kidogo zaidi, nazo ni ghali zaidi.

Faida ya ujenzi huo inaeleweka ukijua cheni hurefuka vipi. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakivutiki kwa mzigo wa pikipiki. Kinacholiwa ni pini na bushi, kila kiungo kinaongeza unywele mmoja wa nafasi, na cheni ina viungo zaidi ya mia. Kwa saizi ya 428, ambayo ndiyo ya pikipiki nyingi za cc 125 na 150, umbali kati ya pini na pini ni milimita 12.7, hivyo viungo 120 vina urefu wa milimita 1,524. Ukiongezeka asilimia 1 tu, tayari una zaidi ya sentimita moja na nusu ya ulegevu ambayo hakuna oili itakayoirudisha. Cheni ya oringi inalinda mahali hapo hasa, na kwangu matokeo yalionekana wazi: cheni niliyokuwa nikiikaza kila mara sasa hukaa muda mrefu bila kuguswa spana, ingawa barabara na mzigo ni vile vile.

Bei ndiyo malalamiko ya kwanza nitakayoyataja. Niliinunua kwa zaidi ya mara tatu ya bei ya cheni ya kawaida, na bado ilibidi kununua sproketi mbili mpya, ya mbele na ya nyuma. Ulazima huo sio ujanja wa wauza vipuri. Sproketi iliyotumika na cheni iliyorefuka huwa na meno yaliyolala upande mmoja na kuchongoka; ukiifungia cheni mpya juu yake, rola hazikai zote sawasawa kwenye meno, mzigo unabebwa na meno machache, na cheni ya pesa nyingi inaharibika haraka kama ile ya bei rahisi. Asiyeweza kununua seti nzima kwa pamoja ni afadhali asubiri.

Malalamiko ya pili ni upana. Kwa sababu ya vipete vile, pini za cheni hii ni ndefu kidogo, na pikipiki yangu ina kava iliyofunika cheni yote. Siku za mwanzo nilisikia mlio wa kukwaruza upande wa ndani wa kava, na fundi akalazimika kuinua kava kwa washa mbili ili ipate nafasi. Wapo wenzangu wanaoondoa kava kabisa wakishafunga cheni nzuri, wakidhani mpira utatosha. Mimi siwaungi mkono. Kava ndiyo inayozuia mchanga wa Ngomeni kurushwa moja kwa moja kwenye cheni, na vipete vya mpira vikisuguliwa na mchanga kila siku navyo hukatika, na kikikatika kimoja, kiungo hicho kinakuwa cha kawaida katikati ya vingine vilivyozibwa.

Sasa nifike kwenye utunzaji, kwa sababu nimewasikia watu wakiuza cheni hii kwa maneno kwamba haihitaji oili. Si kweli. Grisi iliyofungiwa ndani hulainisha pini peke yake; rola, mabamba na meno ya sproketi viko nje na vinategemea mwenye pikipiki. Mimi huipaka oili ya gia ya SAE 90, ambayo vitabu vingi vya pikipiki huitaja, kila baada ya kilomita 500 hivi, na mapema zaidi nikinyeshewa. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini, ambayo wengi huimimina kwenye cheni kwa kuwa ni ya bure, siipendekezi hata kidogo: imebeba masizi na vumbi la chuma, na vyote viwili vinasaga. Grisi nzito inayopakwa kwa nje nayo hushika mchanga ikawa kama msasa, na katika njia yetu msasa huo hutengenezwa kwa safari moja.

Jambo linalookoa cheni kuliko yote, kwa anayebeba samaki, ni kuiosha chumvi siku hiyo hiyo. Nikifika nyumbani huimwagia maji baridi kwa kopo, bila presha, kwa sababu maji ya mashine ya kuoshea magari husukuma uchafu kupita kwenye vipete. Maji yawe ya bomba, yale yanayotoka kwenye mradi wa maji wa Baricho, si ya kisima cha karibu na bahari ambayo mara nyingi yana chumvi yake mwenyewe. Kisha huifuta kwa kitambaa, huiacha ikauke, na kuipaka safu nyembamba ya oili upande wa ndani, ule unaogusa sproketi, ili ikizunguka oili isambae kwenda nje. Kukiwa na uchafu ulioganda, hutumia mafuta ya taa na brashi laini. Petroli haifai, kwa kuwa hukausha mpira, na brashi ya waya hukata vipete. Gurudumu nalizungusha kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Kufuta cheni huku injini ikiizungusha ni njia ya kupoteza vidole, na nawasihi vijana wanaofanya hivyo vituoni waache leo.

Wakati wa kuzi, upepo unapotoka kusini na mvua za masika zikinyesha, cheni hulowa karibu kila siku, na hapo siangalii kilomita tena bali hali yake. Viungo vikionekana vikavu na vyekundu vyekundu kwenye kingo za mabamba, oili imekwisha. Nikizungusha gurudumu polepole, hutazama pia kiungo kinachokataa kunyooka kikitoka kwenye sproketi ya nyuma. Kiungo kilichokakamaa namna hiyo ni dalili kwamba kutu imeshaingia ndani, na ndicho kitakachokatika kwanza.

Ukazaji unahitaji subira kuliko nguvu. Kwa pikipiki nyingi za aina hii ulegevu unaotakiwa katikati ya cheni upande wa chini ni milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Pima ukizungusha gurudumu, kwa kuwa cheni iliyolika haiwi na ulegevu sawa mahali pote, na kaza kwa kufuata mahali ilipokaza zaidi. Kosa ninaloliona sana ni kukaza cheni pikipiki ikiwa tupu hadi inyooke kama uzi wa mshipi wenye samaki. Ukipakia kreti, springi za nyuma hushuka, na umbali kati ya sproketi ya mbele na ekseli ya gurudumu la nyuma huongezeka mpaka vitu vitatu, yaani sproketi ya mbele, bolti ya uma wa nyuma na ekseli, vikae kwenye mstari mmoja. Cheni isiyokuwa na ulegevu hapo haina pa kwenda. Inavuta beringi ya gia, inavuta pini zake yenyewe, na shimo dogo linatosha kuikata. Kwa hiyo mimi nikishakaza humwomba mtu mzito akae nyuma, kisha napima tena.

Alama za pande zote mbili za ekseli lazima zilingane, la sivyo gurudumu litakaa upande na cheni itakula meno kwa ubavu. Tena, gurudumu likirudishwa nyuma, fimbo ya breki ya nyuma hukazika nayo, kwa hiyo breki irekebishwe baada ya cheni. Mafundi wengi wa haraka hulisahau hilo, na mteja huondoka breki ikiwa inashika.

Kiungo cha kuunganishia ndicho mahali dhaifu pa cheni yoyote, na kwenye cheni ya oringi kina vipete vyake vinne ambavyo huja katika pakiti ndogo pamoja na grisi. Simama hapo fundi anapofunga, uhakikishe vinne vyote vimeingia na vimepakwa grisi hiyo. Klipu yake ikae upande uliofungwa ukitangulia kule cheni inakoelekea ikizunguka, na upande wenye mwanya ubaki nyuma, ili kitu kikiigonga kisiitoe. Mimi huitazama klipu hiyo kila asubuhi kabla ya kutoka, kupitia tundu la kava lenye kizibo cha mpira.

Kujua kama muda wa cheni umekwisha hakuhitaji kifaa cha gharama. Ivute iwe imenyooka, upime kwa rula ya chuma kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Cheni mpya ya 428 itakupa milimita 254. Ikifika 257 imezidi asilimia 1, na mimi hapo huanza kuweka pesa ya seti mpya. Ikifika 259 imefikia asilimia 2, na simshauri mtu yeyote aibebee mzigo. Yangu, nilipoipima mara ya mwisho, ilikuwa haijafika 256, na meno ya sproketi bado yamesimama.

Kwa anayebeba samaki, chumvi au mchanga, kuanzia Watamu hadi Ngomeni, naipendekeza bila kusita, ikiwa ataiosha na kuipaka oili. Anayezunguka na abiria mjini kwenye lami anaweza kuendelea na cheni ya kawaida yenye ubora, akaipaka oili mara nyingi zaidi, na pesa yake ikamtosha. Kwa wenye maduka ya vipuri wa Malindi nina ombi moja: leteni viungo vya kuunganishia vya cheni hizi pamoja na vipete vyake, viuzwe kimoja kimoja. Kwa sasa kiungo hicho kidogo huagizwa Mombasa, na anayekihitaji jioni hujaribiwa kufunga cha cheni ya kawaida kisicho na vipete ili apate kutoka alfajiri.