Epoksi au poliuretani? Nimezijaribu zote mbili gereji kwangu Arua, Uganda

Sakafu ya gereji yangu ilikuwa saruji tupu kwa miaka sita. Oili ikimwagika inanyweka, vumbi ukifagia haliishi, na kwenye kona ya kuchajia betri asidi ilishakula saruji mpaka kokoto zinachungulia. Mwaka jana nikaamua kupaka epoksi, rangi nzito ya sakafu inayoganda ngumu kama plastiki.

Epoksi inauzwa makopo mawili, resini, yaani rangi yenyewe, na hadena, dawa ya kuigandisha. Ukishachanganya huna muda: haingoji hewa iikaushe, inajishika yenyewe kwa ndani, na ikiwa nyingi ndani ya ndoo inazidi kupata moto. Mimi nikachanganya yote kwa mpigo, tena saa saba mchana na jua la huku mnalijua. Sijafika katikati ya chumba, ndoo inafuka moshi na rola imegandia humo humo. Kijana wangu akasema, "Mzee, hicho sasa ni kigoda." Kweli, tunakikalia hadi leo.

Raundi ya pili nilichanganya kidogo kidogo, alfajiri. Miezi minane sasa, oili naifuta kwa tambara na jeki haijaichubua. Asidi ukiiwahi haiachi kitu, ikilala usiku kucha inaacha doa. Karibu na bomba ndipo imevimba malengelenge, kwa sababu saruji ya pale ilikuwa na unyevu chini yake. Ningebandika karatasi ya plastiki kwa gundi siku nzima nikaona kama inatoa jasho, ningejua mapema.

Mlangoni, jua la jioni linapoingia, epoksi iligeuka njano, ukipitisha kidole unatoka na unga kama wa chaki. Hapo nikapiga msasa, nikapaka poliuretani juu yake, nayo ni rangi ya kuchanganya na hadena. Ila muulize muuzaji kama ni alifatiki, aina inayostahimili jua, maana ile ya aromatiki nayo inageuka njano juani. Niliyemuuliza mimi alinijibu, "Zote ni moja, mzee." Nikatafuta duka lingine. Inang'aa bado, lakini ni nyembamba, haizibi shimo hata dogo. Halafu hadena yake ina kemikali iitwayo isosianati, inaumiza mapafu. Kitambaa puani hakisaidii, tafuta barakoa yenye vichujio vya kemikali na ufungue milango yote.

Kwa bei, zote mbili zitakuuma kuliko rangi ya mafuta. Sakafuni ningenunua epoksi tena bila kufikiri.

Nyumbani mama watoto alitaka meza ya jikoni ing'ae kama gereji. Nikampakia vanishi ya poliuretani, ya kopo moja, haina kuchanganya. Maji na chai vinafutika vizuri. Wiki ya pili nikatua sufuria ya posho (ugali) moja kwa moja kutoka motoni, ikaacha duara jeupe katikati. Hakusema kitu. Kila mgeni akija, anasogeza kitambaa cha meza kidogo ili alione.