Endimili ya chembe ndogo za kabaidi: nimeitumia, naisifu kwa masharti

Ninazo endimili mbili za milimita 6 (vikata vyenye meno vinavyozungushwa na mashine kuchonga chuma) ninazozitumia kwa kupokezana. Moja ni ya kabaidi, yaani chembe ngumu zilizoshikanishwa kwa metali, yenye chembe za maikromita 0.8, nyingine ya chembe za 0.5. Kobalti, ndiyo metali inayozishika chembe, ni asilimia 10 kwenye zote mbili na meno yamechongwa kwa pembe zilezile, ila bei zimepishana sana.

Kwenye feleji iliyokwisha kutiwa ugumu, ile ya 0.5 inastahili bei yake. Baada ya kazi ndefu niliiweka chini ya lenzi nikaona utepe mwembamba unaong'aa nyuma ya ukingo, umelika sawasawa kutoka ncha hadi juu. Ukingo wa ile ya 0.8 ulikuwa na vipengo, na kila kipengo kilichora mstari kwenye kazi. Ukipitisha ukucha unausikia.

Sababu imo ndani ya kabaidi yenyewe. Chembe za kabaidi ya tungsteni hushikwa na kobalti kama kokoto kwenye saruji. Kobalti ikibaki kiasi kilekile na chembe zikawa ndogo, utando wa kobalti kati ya chembe na chembe unakonda, hauna tena nafasi ya kunepa, na ugumu unapanda. Tena chembe iking'oka huacha shimo la ukubwa wake, kwa hiyo chembe kubwa haziwezi kushika ukingo mkali sana. Kuzidumisha ndogo nako ni kazi: kwenye tanuri la nyuzi 1400 hivi chembe hutaka kukua, na watengenezaji hutia kabaidi kidogo ya vanadiamu au kromiamu kuzizuia.

Sasa upande wa pili. Niliifunga endimili hiyohiyo ya 0.5 kwenye mashine kuukuu ambayo spindo yake (mhimili unaozungusha kikata) inacheza, nikate bapa lenye matundu. Jino linatoka hewani, linagonga chuma, linatoka tena. Kona ikameguka mapema. Ile ya 0.8 ilimaliza kazi bila kulalamika, kwa sababu utando mnene wa kobalti husimamisha ufa kabla haujafika mbali. Kwa kukereza chuma cha kumimina chenye ganda na mapengo sizigusi zote mbili. Nachukua kipande cha kabaidi chenye chembe za maikromita 2 hivi na kobalti ya kutosha.

Kinachoniudhi ni boksi lililoandikwa "chembe ndogo sana" basi, bila namba. Ndogo kiasi gani? Hata ukubwa ukitajwa, kobalti isipotajwa bado hujui unanunua nini: kabaidi ya 0.5 yenye kobalti asilimia 6 ni ngumu na hafifu kwa mapigo, yenye 12 ni chombo kingine kabisa. Muuzaji akishindwa kunipa namba hizo mbili, namwachia boksi lake.

Kwa feleji ngumu, kumalizia, na alumini inayodai ukingo mkali, nitanunua tena ya 0.5, mradi mashine iwe imara. Nyota nne.