Sanduku la kufuli tatu: kikundi chetu cha hisa hapa Wete, Pemba

Nakipendekeza kikundi cha hisa, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kwa kila mwenye kipato cha kuungaunga. Nakitanguliza mbele ya kibubu, mbele ya mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, na mbele ya kuacha pesa kwenye simu. Kina kasoro moja kubwa, nayo nitaieleza, maana ndiyo inayowafanya watu wengi waweke hisa miaka nenda miaka rudi na mwisho wasiwe na kitu.

Mimi nakaanga bajia na sambusa. Pesa yangu inaingia jioni, mafungu madogo madogo, na pesa ya namna hiyo hailali. Mtoto anataka daftari, jirani ana harusi, samaki leo rahisi, imekwisha. Kibubu cha mbao kinafunguka kwa kisu cha jikoni. Simu ndo kabisa, unabonyeza tu. Mchezo una faida yake ukitaka kununua kitu kimoja, lakini fungu likishaingia mkononi kila mtu nyumbani anajua leo ni zamu yako.

Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu. Funguo zimeshikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Tunakutana Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Bi Mwenyekiti anaita kwa namba, unasogea, unatoa pesa yako, wahesabuji wawili wanaihesabu mbele ya watu wote, na katibu anagonga muhuri kwenye kitabu chako: muhuri mmoja, hisa moja. Hisa kwetu ni shilingi 2,000, na mtu ananunua kuanzia moja hadi tano. Vyumba vilivyobaki vitupu kwenye ukurasa vinapigwa mstari hapo hapo, asije mtu akaongeza muhuri baadaye. Kabla ya kufunga, salio linatajwa kwa sauti, sote tunalishika kwa moyo, na wiki inayofuata tunaulizwa kabla kufuli hazijafunguliwa. Yupo bibi mmoja hajui kusoma wala kuandika, na ndiye tunayemtegemea. Siku moja katibu alitaja salio na yeye akatikisa kichwa: "Mwanangu, hapo umeruka elfu kumi." Kitabu kikafunguliwa upya, na kweli zilirukwa.

Utaratibu huu wenyewe shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, nasi tumeurekebisha. Kwetu mkopo hauna riba, unarudisha ulichochukua. Anayehitaji cherehani au friji, kikundi kinanunua kitu hicho, kinamuuzia kwa bei waliyokubaliana, naye analipa kidogo kidogo. Faida inagawanywa kwa hisa. Haikui haraka kama kwenye vikundi vinavyotoza riba, lakini mimi pesa yangu naila kwa moyo mweupe, na hilo sibadilishani na kitu.

Kwa upande wangu, kila jioni kabla sijatoa ya unga na mafuta, natoa 1,000 naitia kwenye kopo la maziwa. Siku sita za kazi zinatoa hisa tatu. Kwa mwaka wa wiki 52 ni shilingi 312,000, mbali na faida. Mume wangu analijua kopo, na wala haligusi.

Sasa kasoro. Sanduku linavunjwa kila mwaka, yaani pesa zote zinagawanywa kwa wenyewe, na vikundi vingi hugawana Ramadhani. Idi yenyewe inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka: 2025 ilikuwa mwisho wa Machi, 2026 ikaja tarehe ishirini za Machi. Pesa ya mwaka mzima inaishia kwenye nguo, mapazia na makochi, halafu Alhamisi inayofuata mtu anaanza hisa ya kwanza kama hajawahi kuweka. Watoto wavae, sikatazi. Lakini akiba ya uzeeni haipatikani hivyo. Tulibishana sana, shoga yangu mmoja akanuna kabisa, mwisho tukahamishia mgao Januari, skuli zinapofunguliwa. Hapo ndipo nilipoona tofauti.

Nusu ya mgao wangu haifiki nyumbani. Inapelekwa PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, siku hiyo hiyo, kwenye akaunti ya Kiislamu. Wapo pia wanaoipeleka ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar ulioanzishwa kwa sheria ya 1998, maana una mpango wa hiari kwa sisi tusioajiriwa. Kuutia mgao wote kwenye kukodi mikarafuu sishauri. Karafuu hazizai sawa kila mwaka, na ukikodi mwaka wa uhaba utavuna majani.

Mapungufu mengine ni madogo. Faini ya kuchelewa inauma siku ya mvua, na kikao kinakula saa nzima ya biashara. Ila msikubali kuliacha sanduku ili kukwepa vikao. Kikundi kimoja nilichokijua kiliamua pesa zitumwe kwenye simu ya mtu mmoja, na mwaka haukuisha kikavunjika.

Anayetaka kujiunga aulize kwanza nani wameshika funguo. Ukiambiwa wawili kati yao ni mtu na mumewe, au ndugu wa nyumba moja, tafuta kikundi chengine.