Land Cruiser 80 inchi 2 juu na matairi ya 33: seti ya kuinua niliyofunga ina kasoro moja inayoniudhi sana

Haya wadau karibuni, leo naanza moja kwa moja maana hii kitu imenikaa rohoni wiki mbili sasa. Gari mnaijua, ni ileile Land Cruiser 80 ya 1994, injini na giaboksi siongelei tena, mlishaziona kwenye video za nyuma. Leo ni springi, shokapu na matairi. Nimefunga seti ya kuinua inchi 2, chini nimeweka 285/75R16, hizi ndo wenyewe tunaziita thelathini na tatu, yani kipenyo cha kama inchi 33, na kuna kitu nakipenda mno hapa na kuna kitu kimoja kimeniudhi mpaka nikaifungua mbele yote upya.

Wengi mnaniuliza "kaka niinue inchi ngapi?" Ndugu yangu hapo umeanzia mwisho. Anza na tairi. Springi haziinui difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, naomba hili mlishike, springi zinainua chesisi na bodi tu, ekseli inabaki palepale chini, na jiwe la katikati ya njia linagonga difu, haligongi mlango. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake. Matairi niliyokuwa nayo mwanzo 275/70R16 yana kipenyo cha kama milimita 791, haya mapya ni kama 834, tofauti ni milimita 43, lakini nusu iko juu ya ekseli na nusu ndo iko chini, kwaiyo difu yangu imepanda kama milimita 21. Angalieni dole gumba langu hili, upana huu hapa, basi. Unalipa hela zote zile upate upana wa dole gumba, na bado nakwambia unausikia, ile miamba niliyokuwa naikwaruza mwaka jana sasa napita juu yake kimya.

Sasa springi za nini? Za kulipa nafasi hilo tairi. Ukikata usukani mpaka mwisho alafu gurudumu moja likapanda kwenye jiwe, tairi linaingia ndani ya madigadi, hapo ndo linasugua. Mi nilivopima nilitoa springi kabisa, nikaweka jeki chini ya ekseli nikapandisha upande mmoja mpaka kwenye mpira wa kugongea, nikazungusha usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Ni kazi ya nusu siku lakini unajua ukweli kabla hujatoa hela. Kuna wale wanaweka vipande vya raba kati ya bodi na chesisi, nafasi inapatikana kweli, ila springi ni zilezile zilizochoka na chesisi haijapanda hata kidogo, mi siwezi kukushauri.

Haya, tuje kwenye hasira zangu. Hii seti imekuja na springi 4, shokapu 4, na kikaratasi. Basi! Hakuna kitu chochote cha kurudisha kasta, yani ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu la mbele linageukia. Chochote! Na kwenye hizi gari zenye ekseli nzima mbele na ile mikono miwili inayoishika, ukiinua unaharibu kasta, hakuna ujanja. Ngoja nilete baiskeli.

Baiskeli hii hapa. Angalia foku ya mbele, imesimama wima? Haijasimama wima, imelalia nyuma. Ukichora mstari kufuata ile shingo ya usukani ukaushusha mpaka chini, unagusa ardhi mbele ya pale tairi linapokanyaga, kwaiyo tairi linaburutwa nyuma ya mstari kama mkokoteni unavofuata anayeuvuta. Sasa naishika kwenye siti tu, siugusi usukani, naisukuma mbele... mnaona? Inaenda imenyooka yenyewe. Narudi nyuma sasa, hivi... paa, usukani umegeuka wenyewe. Narudia tena maana hapa ndo kila kitu kilipo. Mbele, imenyooka. Nyuma, imegeuka. Ule mlalo ndo kasta, na ndo unaofanya gari irudishe usukani katikati ukimaliza kona.

Njoo huku chini ya gari sasa. Mkono huu umefungwa kwenye ekseli mbele na kwenye chesisi nyuma. Chesisi ikipanda, mwisho wa nyuma wa mkono unapanda nao, na ekseli inajizungusha, kichwa chake kinasogea mbele. Ule mlalo wa kwenye baiskeli unapungua. Hii gari inataka digrii chache tu za kasta, kama 3 hivi, na mi baada ya kufunga nilivopeleka kwenye alaimenti kipimo kilisoma karibu na sufuri. Fundi akaniuliza, unaendeshaje hii?

Naendeshaje sasa, angalieni. Hapa ni uwanja mtupu hakuna mtu, niko kilomita 40 kwa saa, nakata kushoto, nalegeza mikono... usukani umebaki pale pale! Haurudi. Inabidi niurudishe mwenyewe kama naendesha boti. Barabarani kwenye 90 ilikuwa inatangatanga, kila bonde la lami inaenda nalo, lori likinipita naona mabega yamekaza. Na hii gari nabeba watoto. Kwaiyo anayekuuzia seti ya kuinua bila kukwambia habari ya kasta amekuuzia nusu ya kitu, na nusu aliyokunyima ndo ya usalama.

Nilichofanya, nimeweka bushi, zile raba za kwenye maungio ya mkono, ambazo tundu lake haliko katikati, limesogezwa pembeni, ukizipiga presi kwa mwelekeo sahihi zinakirudisha kichwa cha ekseli nyuma. Kuna vibati vya kuchomelea pia na kuna mikono mipya kabisa iliyopindwa kiwandani. Bushi ndo rahisi kuliko zote, na kwa inchi 2 zinatosha. Ila nazo zina gharama yake, ukizungusha ekseli kurudisha kasta, pua ya difu inainama chini, propela shafti ya mbele inapata pembe kali zaidi kwenye krosi, yani kwenye maungio yake. Na 80 nyingi kama yangu magurudumu manne yanavuta muda wote, kwaiyo ile shafti inazunguka muda wote, mtetemo utausikia. Kwangu ni mdogo sana kwenye mwendo wa 80. Kwenye inchi 4 ndo ungekuwa kilio, na ndo maana nikiona chaneli nyingine wanafunga inchi 4 wanapiga picha machweo wanamaliza video bila hata kuendesha, naumia, maana kuna mtu anaenda kununua.

Nissan Patrol ya Y60 ina mbele ya namna hiihii, kwaiyo mwenye Patrol haya yote yanakuhusu. Wenye pikapu zenye sasipensheni huru mbele yenu ni nyingine, nyie mnaua sivi jointi, yale maungio ya shafti zinazozungusha magurudumu, mkizidisha. Hiyo nitaifanyia video yake.

Ninachokipenda sasa. Springi! Hizi zinauzwa kwa uzito unaobeba, kuna za gari tupu, za mzigo wa kati, za mzigo mzito. Kila mtu anakimbilia za mzito, alafu gari tupu inarukaruka kama mbuzi, na inakaa juu kuliko hata ile inchi uliyonunua. Nyuma nina tangi la maji na boksi la spana muda wote, nikachukua za kati, na jamani gari imetulia, zile springi za zamani zilikuwa zimekaa kitako kabisa. Kusema kweli nusu ya raha mtu anayoipata kwenye hizi seti ni springi na shokapu mpya tu, hata kama asingeinua. Nilianza video nikitaka kuwaambia msinunue hii seti, ila nikitoka kuiendesha asubuhi hii siwezi kusema hivo, springi ni nzuri. Bei lakini... springi, shokapu, bushi na kupigia presi vimezidi bei ya matairi matatu. Weka na hiyo kwenye hesabu.

Spidomita inadanganya asilimia 5 sasa, ikisoma 100 uko 105, na kilomita zinahesabiwa pungufu, kwaiyo usishtuke mafuta yakionekana yanaisha haraka, sehemu ni hesabu tu. Mlima nao unausikia. Anayetaka 35, yani 315/75R16, uwiano wa gia za difu yangu ni 4.1, ili gari irudi kuvuta kama mwanzo ingetaka kama 4.56, na breki zinasimamisha tairi zito zaidi. Mi nabaki na 33.

Kitu cha mwisho, njoo karibu na kamera. Ekseli inaning'inia yote, angalia hozi ya breki hii. Imekaza kama uzi wa gitaa. Hii leo haitoki gereji, hozi ndefu zimefika asubuhi ziko kwenye boksi pale, nipe spana ya 10.