Uzoefu wangu: vitasa vya mlango vya Volkswagen Beetle, seti mpya na vile vya kiwandani

Beetle ya marehemu baba ilikaa bandani miaka mingi, na nilipoanza kuifufua milango ndiyo iliyonitesa kuliko injini. Vitasa vyake vilikuwa vimekwenda. Upande wa dereva mtu alichomelea kitasa cha pikapu, upande wa abiria ulikuwa unafungwa kwa waya. Kwa hiyo sikuwa na cha kufananishia.

Kadi ya gari inasema 1967. Nikaishika hiyo kadi kama msahafu, nikaagiza kutoka nje seti mpya ya "1967": mkono umetulia, unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, na tundu la ufunguo liko kwenye kitufe chenyewe. Pamoja na usafiri na ushuru nililipa shilingi 310,000. Vilikuja baada ya wiki tano, vinang'aa, vimefungwa vizuri, nikafurahi kweli. Kuvipachika vikakataa. Kile kipini cha nyuma ya kitufe hakikupata kitu cha kusukuma ndani ya mlango.

Nikampelekea gari mzee mmoja wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, anayezijua Volkswagen tangu ujana wake. Baada ya shikamoo nikamwonyesha kadi. Hakuipokea. "Acha kadi, mwanangu. Nyanyua kiti cha nyuma tusome chasi."

Namba imegongwa kwenye lile handaki la bati linalopita katikati ya gari. Tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye petroli, tukaiona: inaanza na 118. Hizo tarakimu ndizo zilizonifungua macho. Kuanzia modeli ya 1965, tarakimu mbili za mwanzo, yaani 11, ni Beetle ya kawaida na tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli: 115 ni 1965, 117 ni 1967, 118 ni 1968. Na kiwandani mwaka wa modeli ulianza Agosti. Gari lililotoka Wolfsburg Oktoba 1967 ni la modeli ya 1968, hata kama kadi inasema 1967 na haidanganyi.

Sasa modeli hiyo ya 1968 ndiyo iliyoacha kitufe. Kitasa chake kina kidude upande wa ndani wa mkono, unakibana kwa vidole kama triga ya bunduki, na tundu la ufunguo limekaa peke yake kwenye ncha ya kitasa. Mtambo wa ndani ya mlango nao ulibadilika, ndiyo maana hata ungetoboa bati upya usingefika popote. Nashukuru mzee alinizuia, maana drili nilikuwa nimeshaiazima.

Vya zamani nilivipata kwake kwenye debe la spea chakavu, jozi tatu zimechanganyika, shilingi 120,000 kwa jozi. Hapa chukua muda wako. Geuza kitasa utazame mgongo wake. Nilichochagua kina nembo ndogo ya VW na namba ya spea. Namba za VW zina tarakimu tisa, tatu-tatu: za kwanza zinataja gari, za katikati kundi la spea, na 837 ni kundi la vitasa vya milango ya mbele. Jozi moja ilikuwa imeng'arishwa vizuri kuliko zote, lakini mgongo wake mtupu kabisa, na kidude chake kilikuwa kinacheza kama jino bovu. Niliiacha. Kwenye changu kromu ilikuwa imebanduka kidogo, na chini yake ukaonekana wekundu wa shaba, yaani kilipakwa tabaka kwa tabaka. Pia kilikuwa na herufi na tarakimu zilizogongwa, za msimbo wa ufunguo. Zinakili kabla hujakifunga tena mlangoni.

Fundi wa kromu alitaka kuvisaga na kuvipaka upya. Nilikataa. Kusaga kunakula kingo na zile namba, na vijishimo viwili vitatu vya chumvi ya bahari havinisumbui. Nilivisugua kwa mkono, nikaweka mipira mipya chini yake, ambayo niliagiza tu bila shida.

Ile seti mpya nilimpa rafiki mwenye 117 halisi. Ilimkaa sawasawa. Baada ya masika moja kromu imeanza kutoa vipele, na kitufe cha kushoto kinakwama asubuhi mpaka ukipige kidogo kwa kiganja. Seti naipa nyota mbili kati ya tano, na duka nyota tatu, kwa sababu walituma nilichoomba ila hawakuniuliza namba ya chasi hata mara moja.

Vya mzee ni tano. Mlango wa dereva sasa unajifunga kwa ule mlio wa "tak" ambao baba alikuwa akiupenda, na jirani aliyemfahamu alitoka nje kutazama ni nani aliyefika.